Kutoka Marikiti hadi Chomboni: Mwongozo Kamili wa Kufikisha Vyakula Gatini Mombasa

Wengi wanaoandaa safari ya bahari hapa Mombasa huanza na orodha ya vitu, wakaenda sokoni, wakatafuta usafiri, na bahari wakaikumbuka wakishafika gatini na mizigo yao. Hapo ndipo wanapokuta maji yamekupwa, chombo kiko chini kabisa, ngazi zimevaa mwani na barafu imeshaanza kuchuruzika. Mpango wenyewe ni wa kupanga kinyumenyume: anza na maji, rudi gatini, kisha usafiri, soko liwe mwisho. Nitatumia mfano wa watu sita wanaokwenda siku nne, kwa mashua au boti ya faiba, chombo kikiwa upande wa Mji wa Kale au ndani ya mto wa Tudor. Wa Mtwapa na wa ng'ambo ya Likoni nitawagusa pia, ingawa kwa ufupi.

Tazama mwezi kabla ya kuandika orodha

Maji yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi mita moja hivi.

La muhimu zaidi kwa mtu mwenye mizigo ni saa. Mombasa maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Sasa mfikirie aliyeamka mapema, akapita soko la Kongowea, akapita soko la Marikiti, akafika gatini saa nne asubuhi akijipongeza kwa uhodari. Amefika saa mbaya kuliko zote za siku hiyo. Maji mafu ni kinyume chake: saa nne, saa tano asubuhi ndipo maji yamejaa, na kazi yote humalizika kwa asubuhi moja.

Kwa hivyo mwezi ndio unaoamua kama utanunua kwa siku moja au mbili. Ikiwa safari imeangukia bamvua, gawa kazi: vitu vikavu, maji na gesi vipakiwe alasiri ya siku ya kabla, kati ya saa nane na nusu na saa kumi, chombo kikilala na mlinzi wake. Mboga za majani, nyama na barafu ndivyo vitakavyokuja asubuhi, na hivyo ni mzigo wa mikono ya watu wawili tu. Ikiwa ni maji mafu, siku moja inatosha.

Kwa siku za katikati, tumia majedwali ya maji ya Kilindini. Hesabu zake huandikwa kwa saa 24, basi andika upya kwa saa zetu kwenye karatasi moja ambayo kila mtu ataiona. Nimeona watu wazima wakibishana gatini kama "10" ni saa nne au saa kumi, na tofauti hiyo ni ya bahari nzima. Ukikosa jedwali, muulize mvuvi yeyote wa karibu na gati, atakujibu bila hata kutazama mwezi.

Na pakia maji yakiwa yanapanda, si yakiwa yanatoka. Chombo kilichokaa karibu na ukingo kikiwa kitupu huelea vizuri. Ukikijaza huku maji yanashuka, uzito unakishusha, maji yanakishusha, na baada ya muda mkuku wake, yaani uti wa chini wa chombo, umegusa mchanga. Chombo kilichopwelewa kikiwa na shehena hakisukumwi na vijana wanne. Mtangoja saa kadhaa mpaka maji yarudi, na kikilala upande kitu cha kwanza kumwagika ni mchele. Lenga kuanza saa moja na nusu kabla ya maji kujaa pomoni, ili umalize yakiwa juu.

Upepo nao una neno lake. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na hata ndani ya mlango wa bandari chombo hupigapiga gati. Kwa kawaida asubuhi kuna utulivu kuliko mchana. Ukilazimika kuchagua kati ya maji mazuri yenye upepo wa alasiri na maji ya kati yenye utulivu wa asubuhi, mimi huchagua utulivu, mradi ngazi isiwe ndefu.

Nenda gatini mikono mitupu

Siku moja au mbili kabla, pita mahali utakapopakilia bila mzigo wowote. Tazama mkokoteni au tuktuk itafika mpaka wapi, na kutoka hapo ni hatua ngapi za miguu. Tazama ngazi ina vidato vingapi, mshikio upo au umeoza, na kuna kivuli au hakuna. Muulize mlinzi lango hufunguliwa saa ngapi na nani wa kuambiwa. Bandari ya Kale ina lango na taratibu zake za kuingia. Si pahali pa kufika na mkokoteni umejaa ndipo uanze kujieleza. Ukipakilia kwenye gati la mtu binafsi au la hoteli, ruhusa ipatikane mapema na jina la chombo liachwe langoni.

Gati linaloelea, kama yale ya English Point Marina ng'ambo ya Mji wa Kale, hupanda na kushuka pamoja na maji, basi chombo na gati huwa sawasawa wakati wote. Lakini daraja la kuteremkia kwenye gati hilo halielei upande wa nchi kavu. Maji yakikupwa huwa mteremko mkali, na rukwama iliyojaa itakukimbia.

Ufuoni ambako hakuna gati, upande wa Nyali na Bamburi, chombo hutia nanga mbali na vitu hubebwa mabegani maji yakiwa kiunoni. Hapo punguza kila mzigo mpaka uwe wa mtu mmoja, na vaa viatu: chini kuna urumba wa bahari wenye miiba.

Pima uzito, si bei

Maji ya kunywa na kupikia, hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu sita kwa siku nne ni lita 120, sawa na mitungi sita ya lita 20. Ongeza miwili ya akiba, iwe minane. Hapo tayari una kilo 160 kabla ya punje ya mchele, yaani kama umeongeza abiria wawili wazima. Boti iliyoandikwa watu wanane haiwezi kubeba watu wanane pamoja na mitungi yao ya maji na mtungi wa gesi, hata kama nahodha anasema inshallah.

Chakula chenyewe ni chepesi kuliko watu wanavyodhani. Mchele kilo moja hutosha watu sita kwa mlo mmoja. Mkiula mara moja kwa siku ni kilo 4, chukua 6 kwa sababu bahari huongeza njaa. Pakiti mbili za unga wa mahindi, mbili za ngano, kilo mbili za pojo au kunde, sukari kilo 3 kama ni watu wa chai, na ni nani hapa si mtu wa chai. Nazi kumi na mbuzi ya kukunia. Nazi kavu ndicho chakula bora cha chomboni: haihitaji barafu, haipondeki, haiogopi maji ya chumvi. Itikise kabla ya kulipa, usikie maji ndani.

Sokoni

Kongowea ndiko kwenye bei ya mboga na matunda, na malori hushusha usiku, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa yake. Ukitoka huko kuelekea kisiwani utavuka daraja la Nyali pamoja na mji mzima unaokwenda kazini. Uwe umeshavuka kabla ya saa moja, au ukae Kongowea unywe chai mpaka foleni ilegee. Lakini niseme wazi: kwa watu sita, Kongowea haina faida kubwa. Utakachookoa kwenye vitunguu utakilipa kwa tuktuk. Ikiwa chombo kiko Mji wa Kale, nunua Marikiti, umbali wa mkokoteni tu mpaka majini, na viungo, tende, mchele na achari utavipata papo hapo. Kongowea ni ya aliye upande wa Nyali, au anayelisha watu ishirini.

Nyanya chagua za rangi tatu: nyekundu za leo, zinazoanza kuiva za keshokutwa, na mbichi za mwisho wa safari. Mwambie mwuzaji mapema, "Mama, nataka za siku nne," naye atakuchagulia vizuri kuliko wewe. Kabeji usiiondoe majani ya nje. Mchicha na sukuma ni vya siku ya kwanza, vichache. Ndimu nyingi, maana kila samaki atazitaka. Mayai chukua ambayo hayajaoshwa, hukaa zaidi nje ya friji. Ndizi nunua mkungu mdogo mbichi, nao uwekwe mbali na matunda mengine, kwa sababu ndizi inayoiva hutoa gesi inayoiivisha jirani yake. Viazi na vitunguu pia usivilaze pamoja, vitaharibika upesi.

Nyama na kuku vigandishwe siku mbili kabla kwenye friza ya nyumbani, vikiwa vimekatwa vipande vya mlo mmoja mmoja. Nyama iliyoganda yenyewe ni barafu. Gandisha pia maji ndani ya chupa ngumu za kutumika tena: zitapoza sanduku, na zikiyeyuka mtayanywa.

Barafu ndiyo ya mwisho kabisa kununuliwa. Tafuta ya pande kubwa, si ya kusagwa; wauza samaki wanajua inakopatikana siku hiyo. Weka sanduku kivulini, lifunikwe gunia lililoloweshwa.

Kuna mengine ya sheria ambayo ni bora uyajue ukiwa bado dukani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku Kenya nzima tangu Agosti 28, 2017. Na tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, vikombe na vijiko, haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa, na za baharini zimo. Basi kama mnapitia Hifadhi ya Bahari ya Mombasa au Kisite, katoni za chupa ndogo za maji ziacheni dukani. Mitungi na vikombe vya bati vinatosha.

Funga kwa ajili ya mkono wa mtu wa pili

Kila mzigo utapitia mikono mitatu au minne kabla haujatua. Kwa hivyo kipimo changu ni kilo 10 kwa mzigo mmoja, isipokuwa mitungi ya maji, na kila mzigo uwe na mshikio. Mifuko ya karatasi ikiguswa na maji imekwisha. Kreti za plastiki ngumu ni bora kwa mboga: zinapangika, zinapitisha hewa, na zikirushiwa wimbi hutoa maji zenyewe. Kwa unga, sukari, chumvi na viberiti, tafuta ndoo za lita 20 zenye kifuniko cha kubana. Andika juu ya kila ndoo, kwa kalamu ya wino usiofutika, ni ya siku ipi: moja, mbili, tatu, nne. Kikapu cha ukili hakina mpinzani kwa mkate wa boflo na mahamri, ila kisikae chini.

Makatoni yasiingie chomboni. Mende hutaga mayai kwenye mikunjo ya boksi, na chombo cha mbao kikishapata mende umepata wapangaji. Fungua kila katoni gatini, mimina vitu kwenye kreti, boksi libaki nchi kavu.

Petroli ya mashine iwe na safari yake peke yake, siku nyingine au gari jingine. Unga hunywa harufu, na chapati yenye ladha ya petroli hakuna achari itakayoificha.

Mkokoteni, tuktuk au gari

Ndani ya Mji wa Kale lori halina njia, na gari dogo litakwama nyuma ya gari dogo jingine. Tuktuk hupita vichochoro vingi na inafaa kwa mayai, mkate na vitu vya barafu, kwa kuwa ina kivuli. Mitungi ya maji, mchele na kreti nzito ni kazi ya mkokoteni.

Bei ya mkokoteni husikizanwa kabla kitu cha kwanza hakijapandishwa. Ukimuuliza, "Kaka, mpaka Forodhani ngapi?" ukajibiwa, "Tutasikizana tu," basi sikizaneni hapo hapo. Na mtaje mambo matatu: mpaka wapi hasa, kama kushusha ngazini kumo ndani ya bei, na kama atangoja. Kubeba barabarani na kuteremsha ngazi ni kazi mbili tofauti, na hamali ana haki ya kulipwa zote mbili. Mimi humlipa mwenye mkokoteni mpaka juu ya gati, halafu vijana wa gati nawalipa wao, kwa sababu wao ndio wanaozijua zile ngazi.

Njia za kuelekea majini zinateremka. Kabla hamjaanza, angalia kile kipande cha tairi kilichofungwa nyuma ya mkokoteni, ambacho mwenyewe hukikandamiza chini kuwa breki. Kikiwa kimelika kabisa, tafuta mkokoteni mwingine. Mitungi ilazwe mbele ya ekseli kidogo, ifungwe kwa kamba, vyepesi juu. Mmoja wenu atembee nyuma, si kwa kumshuku mtu, bali kwa sababu ndimu huanguka.

Kwa Mtwapa, foleni ya barabara ya Malindi ndiyo adui. Panga kufika saa mbili nzima kabla ya maji kujaa. Kwa wa kusini, kupitia kivuko cha Likoni na mizigo mingi ni kubahatisha saa. Barabara ya Dongo Kundu huzunguka kivuko, na mboga mnaweza kununua Ukunda mkiwa njiani kwenda Shimoni, ili kutoka Mombasa mbebe vikavu tu.

Ngazini

Hapa ndipo mali hupotea, na ndipo watu huumia. Ukisimama juu ya ngazi ya gati la mawe utaona mstari: juu yake jiwe ni jeupe na kavu, chini yake ni la kijani. Mstari huo ni mwisho wa maji ya kujaa. Kila kidato kilicho chini yake kina mwani unaoteleza, na ubavuni kuna chaza wenye makali ya wembe. Mtu aliyebeba mzigo asikanyage chini ya mstari. Maji yakiwa juu, kama ulivyopanga, vidato hivyo vimezama na chombo kimekuja kwenu.

Ikibidi kushuka, asishuke mtu na mzigo. Mtu ashuke mikono mitupu, asimame imara, kisha vitu vimfuate kwa mkono kwa mkono: mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chomboni, na wa nne ndani ya kupanga. Anayetoa haachii mpaka anayepokea aseme, "Nimeshika." Neno hilo moja lisemwe kila mara, hata kwa kitunguu. Chombo kinapanda na kushuka na mawimbi ya boti zinazopita. Mpokezi angoje chombo kipande juu, apokee, ageuke.

Mitungi ya maji teremsha kwa kamba. Pitisha kamba kwenye mshikio, ifunge kwa fundo lisiloteleza, zungusha mara moja kwenye nguzo ya gati na uilegeze polepole. Mgongo wako haumo kwenye kazi hii. Trei ya mayai iwe kati ya trei mbili tupu, ifungwe msalaba kwa uzi, ikae ndani ya kikapu, na iteremke mwisho ikiwa imeshikwa na mtu aliyekaa kitako kwenye kidato.

Simu na pesa zisikae mfuko wa shati. Kila anayeinama juu ya maji humwagia bahari kitu, na M-Pesa haitakusaidia ikiwa laini iko chini pamoja na kaa. Weka noti ndogo ndogo za vijana wa gati kwenye mfuko wa suruali unaofungika.

Kama chombo kiko nangani na mnavusha kwa hori au mtumbwi, pelekeni mara tatu badala ya mara moja. Vizito katikati na chini, hakuna kitu kinachopita ukingo, na hakuna anayesimama. Kila mtu avae jaketi ya kuokolea, naye anayejua kuogelea pia.

Kupanga ndani

Maji na nazi ni farumi yako, yaani uzito wa kutuliza chombo: chini, katikati, yagawanywe sawa pande mbili, yasiwekwe yote omo (mbele) wala yote tezi (nyuma). Ndoo za vikavu juu yake, zikiwa zimeinuliwa na mbao ili maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya chombo, yasizifikie. Mboga pahali penye hewa na kivuli. Vikazwe kwa kamba kana kwamba chombo kitalala, hata kama bahari leo ni shwari.

Mtungi wa gesi usiwekwe chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama ngamani, na hapo inangoja kiberiti tu. Usimame wima juu ya sitaha, nje, mbali na petroli, valvu ikifungwa kila baada ya kupika.

Kabla ya kufungua kamba, mpishi na si mwingine asome orodha huku akigusa kila kitu: chumvi, kiberiti, kisu, mbuzi ya nazi, sabuni, gunia tupu la taka zitakazorudi nchi kavu. Duka likiwa hatua chache kutoka gatini, chumvi iliyosahaulika ni ya dakika tano.

Usiku wa kwanza pikeni mchicha na nyama iliyoanza kulegea. Kuku aliye chini kabisa ya barafu ni wa siku ya pili. Kuanzia siku ya tatu barafu ihesabiwe imekwisha na ndoano iwe kazini, na kama haikushika kitu, pojo na mchele viko kwenye ndoo ya siku hiyo, nazi ziko chini na mitungi ya maji.